KEMIA: Ari hujengwa kwa kazi inayopimika, si kwa mawaidha matupu

MWANAFUNZI wa shule ya upili mjini Isiolo, Garba Tula au Merti anapofungua kitabu cha Kemia huwa na sababu mbili za kuingiwa na wasiwasi. Kwanza, somo hilo limebeba sifa ya ugumu tangu enzi za wazazi wake. Pili, anajua kwamba alama atakayopata huenda ikaamua iwapo atasomea udaktari, ufamasia, uuguzi au sayansi ya maabara.

Wasiwasi huo una msingi. Kozi nyingi za afya katika vyuo vikuu nchini huitaka Kemia pamoja na Biolojia, na mwanafunzi aliyeanguka katika somo hilo hupata mlango umefungwa hata akiwa amefanya vyema katika masomo mengine. Isiolo ni kaunti yenye zaidi ya kilomita 25,000 za mraba, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 268,002 humo. Suala la nani atakayehudumu katika zahanati zake za mashinani miaka kumi ijayo linaanzia katika madawati ya leo.

Aidha, wakati haungoji. Kundi la mwisho la mfumo wa 8-4-4 lilijiunga na kidato cha kwanza mnamo 2024 na limeratibiwa kufanya mtihani wa KCSE mwaka wa 2027. Wenzao wa mfumo mpya, walioanza Gredi ya 10 Januari 2026, huikuta Kemia katika mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Mifumo ni miwili, lakini atomu ni ile ile.

Kwa kawaida mwanafunzi aliyekata tamaa hupewa mawaidha: ajitahidi, asilale, aache mchezo. Mawaidha hayo si mabaya, ila hayamwelezi afanye nini saa mbili usiku akiwa ameketi mbele ya swali asilolielewa. Ukweli ni kwamba ari haitangulii mafanikio kila mara. Mara nyingi huyafuata. Mnamo 1977, mwanasaikolojia Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alieleza kwamba chanzo kikuu cha mtu kujiamini katika kazi fulani ni kuwahi kuifanya na kufaulu. Kwa hivyo, anayetaka kuipenda Kemia hana budi kujitafutia ushindi mdogo mdogo ndani ya Kemia yenyewe.

Funzo la SMASSE na Keriko

Kenya ina ushahidi wake katika jambo hili. Mnamo 1998, Serikali kwa ushirikiano na Shirika la Ushirikiano wa Kimataifa la Japan (JICA) ilianzisha mradi wa SMASSE wa kuimarisha ufundishaji wa Hisabati na sayansi katika shule za upili. Utafiti wa awali wa mradi huo ulitaja mtazamo hasi kuwa miongoni mwa vikwazo vikuu, sawia na mbinu duni za kufundishia na uhaba wa vifaa. Mradi ulianza katika wilaya tisa, ukapanuliwa kote nchini 2003, na kazi yake ikaendelezwa na kituo cha CEMASTEA kilichoko Karen, Nairobi.

Linalofaa kuzingatiwa ni tiba iliyopendekezwa. SMASSE haikuwatuma wahubiri shuleni. Iliwataka walimu wapunguze kuhutubu, wamweke mwanafunzi katikati ya somo, wafanye majaribio, na pale ambapo vifaa havipo, wabuni vingine kutokana na vitu vinavyopatikana karibu. Kwa maneno mengine, mtazamo ulitarajiwa kubadilika kwa njia ya mikono.

Mfano ulio wazi zaidi ni Shule ya Upili ya Keriko, kijijini Pwani katika Kaunti ya Nakuru. Mwalimu Peter Tabichi, anayefundisha Hisabati na Fizikia, alishinda Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani mnamo 2019, yenye thamani ya dola milioni moja za Marekani. Shule yake ilikuwa na kompyuta moja tu na intaneti hafifu, na wanafunzi 58 kwa kila mwalimu. Hata hivyo, wanafunzi wake walipata tuzo ya Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza baada ya kuzalisha umeme kutokana na mimea ya eneo lao. Ukosefu wa vifaa ni tatizo la kweli, lakini haukuwazuia kuanza.

Kwa nini Kemia huwatatiza wengi

Kabla ya kutafuta dawa ni vyema kuujua ugonjwa. Mnamo 1982, msomi Alex Johnstone wa Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti, alieleza kwamba Kemia humtaka mwanafunzi afikirie katika viwango vitatu kwa wakati mmoja: anachokiona kwa macho, chembe ndogo asizoziona, na alama zinazoandikwa ubaoni. Mwalimu aliyebobea huruka kutoka kiwango kimoja hadi kingine pasi na kujua kwamba ameruka. Mwanafunzi naye hubaki ng'ambo ya mto.

Mfano wa kulielewa jambo hilo uko karibu sana na wakazi wa Isiolo. Katika kreta ya Magado, wenyeji wamechota chumvi ya mifugo na magadi tangu jadi. Mtu akichukua kipande cha magadi na kukikamulia ndimu, povu litafoka. Hicho ni kiwango cha kwanza. Katika kiwango cha pili, ioni za haidrojeni kutoka kwa asidi ya ndimu zinakutana na ioni za kaboneti zilizomo ndani ya magadi, na kutokana nazo kunatokea maji na gesi ya kaboni dioksidi. Katika kiwango cha tatu, yote hayo huandikwa kwa mstari mmoja: CO₃²⁻ + 2H⁺ → CO₂ + H₂O.

Mwanafunzi anayekariri mstari huo bila povu na bila chembe amebeba ganda lisilo na kiini. Kwa hiyo, kila anapokutana na mlinganyo mpya, ajiulize maswali matatu: Ningeona nini? Chembe zinafanya nini? Alama hizi zinasema nini? Akishindwa kujibu swali moja kati ya hayo, amejua hasa jambo la kumuuliza mwalimu. Swali la namna hiyo hujibika. Kauli kwamba "sielewi Kemia" haijibiki.

Tafuta mahali ulipopotelea

Kemia hujengwa kama nyumba ya ghorofa. Muundo wa atomu hubeba valensi, valensi hubeba fomyula, fomyula hubeba mlinganyo, mlinganyo hubeba hesabu za moli, nazo hesabu za moli hubeba kemia ya asidi na besi, mabadiliko ya nishati na hata umeme-kemia wa kidato cha nne. Aliyeanguka kwenye ghorofa ya nne mara nyingi aliteleza kwenye ngazi ya kwanza.

Mwanafunzi wa kidato cha tatu anayelia kwamba moli imemshinda na ajijaribu hivi: aandike bila kutazama kitabu fomyula za kalsiamu kloridi, sodiamu kaboneti, aluminiamu oksidi na amonia salfeti. Akikosea mbili, tatizo lake si moli. Arudi kwenye valensi kwa juma moja na hatapoteza wakati; atakuwa ameuokoa. Hakuna aibu katika kurudi nyuma. Aibu ni kuendelea kupaka rangi ghorofa ya juu ilhali msingi umepasuka.

Moli nayo haina uchawi wowote. Muuzaji wa mayai huhesabu kwa dazeni, ambayo ni 12. Wafanyabiashara wa nguo katika Pwani walihesabu kwa korija, yaani 20. Wanakemia huhesabu kwa moli, ambayo ni takriban 6.02 × 10²³. Idadi ni kubwa kwa sababu chembe ni ndogo mno, basi.

Tuseme sentimita za ujazo 25 za sodiamu haidroksidi yenye ukolezi wa moli 0.1 kwa lita zimezimuliwa na sentimita za ujazo 20 za asidi ya haidrokloriki. Hatua ni tatu, na hufuatana vivyo hivyo kila mara. Kwanza, tafuta moli za kitu unachokijua: 25 × 0.1 ÷ 1000 = 0.0025. Pili, tazama uwiano katika mlinganyo. Hapa ni moja kwa moja, hivyo asidi nayo ni moli 0.0025. Tatu, geuza moli kuwa ukolezi: 0.0025 × 1000 ÷ 20 = moli 0.125 kwa lita. Anayefanya maswali matano ya aina hii kila jioni kwa majuma mawili ataona hatua zake zikinyooka, na hapo ndipo hamu huanza kuchipuka.

Kusoma tena si kujifunza

Kosa linalowapotezea wengi muda ni kuyasoma maelezo yale yale mara kwa mara huku wakiyapigia mistari ya rangi. Macho huyazoea maneno, na mazoea hayo hudhaniwa kuwa ni ujuzi.

Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mnamo 1885 kwamba binadamu husahau haraka sana mara tu baada ya kujifunza, kisha kasi ya kusahau hupungua. Nao Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, walichapisha mnamo 2006 matokeo ya utafiti kuhusu wanafunzi waliosoma vifungu vya habari. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walifanya vyema zaidi. Baada ya juma moja, mambo yaligeuka: waliokuwa wamefunga kitabu na kujikumbusha wenyewe ndio waliokumbuka mengi.

Funzo ni dhahiri. Baada ya kusoma jinsi gesi ya klorini inavyotayarishwa maabarani, mwanafunzi afunge kitabu, achukue karatasi tupu, achore vifaa, aandike mlinganyo na kutaja jinsi gesi hiyo inavyokusanywa na kutambuliwa. Kisha afungue kitabu na kusahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine. Arudie siku ya pili, siku ya nne na juma lifuatalo. Kwa asiye na umeme nyumbani, zoezi hili lina faida nyingine: halihitaji taa muda mrefu. Hata akiwa nyuma ya mbuzi wakati wa likizo, anaweza kuyataja kichwani elementi 20 za kwanza kwa mpangilio wake na mgawanyo wa elektroni zake.

Maabara iliyo nje ya maabara

Mengi yaliyomo katika silabasi yamo pia katika maisha ya kila siku ya eneo kame. Maji ya visima virefu katika sehemu kadhaa za kaskazini huwa na chumvi nyingi, na sabuni hukataa kutoa povu. Hayo ni maji magumu, yenye ioni za kalsiamu na magnesiamu. Utando mweupe unaoganda ndani ya birika ni kalsiamu kaboneti. Kuchemsha huondoa ugumu wa muda peke yake, ilhali sodiamu kaboneti, inayopatikana katika magadi, huondoa hata ule wa kudumu.

Maziwa ya ngamia, ambayo wafanyabiashara wa Isiolo huyasafirisha hadi Nairobi, ni somo jingine. Bakteria hugeuza sukari ya maziwa kuwa asidi ya laktiki, na kadiri joto linavyozidi ndivyo kasi ya mabadiliko inavyoongezeka. Mwanafunzi aliyewahi kuona mzigo ukichacha njiani wakati wa kiangazi anaijua tayari nusu ya mada ya kasi ya mimenyuko. Kilichobaki ni kuiandika kwa lugha ya kemia. Vivyo hivyo, mkaa unaowaka katika chumba kisicho na hewa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu ambayo huua.

Majaribio ya nyumbani yasivuke mipaka. Ndimu, magadi, majivu, na maji ya maua yenye rangi kali ya kupimia asidi na besi yanatosha. Asidi za maabara hazipaswi kutoka maabarani. Fauka ya hayo, ni hatari kubwa kuchanganya dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini na asidi ya aina yoyote, kwa maana mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu.

Mtihani wa vitendo

Mtihani wa Kemia wa KCSE, unaosimamiwa na Baraza la Kitaifa la Mitihani (KNEC), una karatasi tatu. Mbili za kwanza ni za nadharia, kila moja ikiwa na alama 80 na muda wa saa mbili. Ya tatu ni ya vitendo, ina alama 40 na huchukua saa mbili na dakika 15. Dakika 15 za ziada ni za kusoma maswali na kuhakikisha kwamba vifaa na kemikali zote zipo mezani. Anayezitumia kupiga soga hujidhulumu.

Katika karatasi hiyo ya tatu, alama nyingi hupotea kwa uzembe, si kwa ujinga. Katika titresheni, yaani kuongeza myeyusho mmoja kwa mwingine tone baada ya tone hadi rangi ibadilike, jedwali lijazwe lote, na usomaji wa bureti uwe na idadi sawa ya desimali kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wastani utafutwe kwa majibu yanayokaribiana pekee, si kwa yote kiholela.

Katika utambuzi wa ioni, lugha ndiyo alama. Myeyusho usio na rangi uitwe hivyo. Neno "safi" halielezi rangi. Ioni za zinki, aluminiamu na risasi zote hutoa mashapo meupe zinapotiwa sodiamu haidroksidi kidogo, na mashapo hayo huyeyuka kemikali hiyo inapozidi. Zikitiwa myeyusho wa amonia hadi uzidi, ni mashapo ya zinki pekee yanayoyeyuka. Risasi nayo hujitenga na aluminiamu kwa kutoa mashapo ya manjano inapokutana na ioni za iodidi. Jedwali dogo lenye mambo hayo, lililoandikwa na mwanafunzi mwenyewe kutoka kichwani, lina thamani kuliko vijitabu vitatu vya kununua.

Daftari la maendeleo

Ari hufifia pale mwanafunzi asipoona kwamba anasonga. Kwa sababu hiyo, inafaa awe na daftari dogo lenye safu tatu: tarehe, mada, na maswali aliyopata kati ya yale aliyojaribu. Asijilinganishe na nambari moja darasani, bali na alama zake mwenyewe za juma lililopita. Aliyetoka maswali mawili kati ya kumi hadi matano ameongeza zaidi ya maradufu, hata kama kadi ya ripoti bado haijalitambua jambo hilo.

Katika daftari hilo hilo, atenge kurasa za makosa. Kila kosa aliandike pamoja na sababu yake: ni hesabu, ni kutosoma swali vizuri, au ni kutoelewa? Makosa ya aina moja yakirudi mara tatu, hapo ndipo penye kazi ya juma lijalo.

Vikundi vya masomo pia husaidia, mradi visizidi watu wanne au watano, na kila mmoja awe na zamu ya kufundisha. Anayemweleza mwenzake kwa nini sodiamu hupoteza elektroni kwa urahisi hugundua papo hapo kama analijua jambo hilo au analibahatisha. Si lazima maelezo yawe kwa Kiingereza tangu mwanzo. Kiswahili, Kiborana, Kisomali au Kiturkana vinaweza kutangulia ili maana ipatikane, kisha jibu liandikwe kwa lugha ya mtihani.

Wajibu wa wazazi na walimu

Katika kaunti za wafugaji, karo mara nyingi hutoka zizini. Ukame uliotokana na misimu mitano mfululizo ya mvua haba, tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, uliangamiza mifugo mingi kaskazini mwa Kenya, na wanafunzi wakapoteza siku za masomo. Mwanafunzi aliyerudi darasani baada ya majuma kadhaa asihukumiwe kuwa mvivu. Apewe orodha fupi ya mada alizokosa, kwa mpangilio wa umuhimu wake, na mwenzake wa kumwongoza.

Mzazi ambaye hakusoma Kemia naye ana nafasi. Anaweza kumwomba mwanawe amweleze kwa nini maji ya kisima hayatoi povu, na kumwachia dakika 40 za utulivu kila jioni kabla ya kazi za nyumbani. Msichana hasa anazihitaji dakika hizo, kwa kuwa kuni na maji humsubiri yeye kwanza.

Pengine la muhimu zaidi ni kuepuka njia ya mkato. KNEC imewahi kufuta matokeo ya watahiniwa waliopatikana na udanganyifu, na pesa zinazotumiwa kununua karatasi zinazodaiwa kuibwa zingetosha kununua karatasi halali za miaka iliyopita. Anayezifanya hizo kwa saa, akajisahihisha bila huruma na kuyarudia makosa yake, huingia chumba cha mtihani akiwa na kitu ambacho hakuna anayeweza kukifuta.

Haba na haba, walinena wahenga, hujaza kibaba. Fomyula tano leo, hesabu tano kesho na jedwali moja la ioni Jumamosi si mambo ya kutangazwa kwenye gwaride. Hata hivyo, ndiyo yatakayomfikisha kijana wa Kinna au Oldonyiro katika chuo cha uuguzi, na kumrudisha nyumbani akiwa na dawa mkononi anayoijua vyema jinsi inavyofanya kazi.